Nyuso kwenye Ukuta wa Alhaji

Enzi zile Mwalimu akiwa bado jirani yangu, usingepita mbele ya milango yetu bila kusimamishwa. "Geuza shingo kidogo. Hapo hapo. Usicheke." Hakujitambulisha wala hakuomba radhi. Alikutazama kama mama anavyotazama mchele kwenye ungo, akitafuta mawe, kisha akasema, "Haya, nenda," nawe ukaenda zako hujui umechukuliwa nini. Abiria waliokuwa wakisubiri mabasi walidhani bibi yule ana wazimu. Sisi wa Same tulijua kwamba sura imeshachukuliwa, na ipo siku tutakutana nayo mahali.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na miwili chumba changu cha kazi kilipakana na chake, katika nyumba ya Alhaji, kwenye njia ya kutoka stendi kwenda sokoni. Mwalimu alikuwa amestaafu shule ya msingi, alikofundisha kuchora mpaka somo lenyewe likamezwa na masomo mengine. Baada ya hapo akawa anaandika mabango: saluni, gereji, mama lishe, duka la dawa za mifugo. Jina lake tulilijua sote, lakini hakuna aliyelitumia. Hata waliomzidi umri walimwita Mwalimu.

Mabango yalimlisha. Nyuso zilimweka hai. Watu walimletea filamu za zamani za eksirei, za mbavu zao na za magoti ya bibi zao, naye alizilaza mezani akakata kwa wembe macho, pua, kivuli cha shavu, mpaka akapata kiolezo. Kiolezo kimoja kiliweza kutoa sura ileile mara tisa ukutani, kila moja na rangi zake: uso wa waridi wenye kivuli cha kijani, uso wa njano wenye midomo ya buluu. Alizipanga kwa safu kama chupa za soda kwenye kreti. Ukiinua ile filamu kwenye mwanga, uliona uso wa mtu umetobolewa katikati ya mbavu za mtu mwingine.

Mama mmoja anayeshuka na tangawizi kutoka milimani alijiona siku moja ubavuni mwa kibanda cha chipsi, akaja juu.

"Mwalimu, mbona umenipaka zambarau? Mimi ni zambarau?"

"Weusi wako unao tayari, mama. Hiyo zambarau ni sauti."

Niliwahi kumuuliza alijifunzia wapi kuchora namna ile, maana vyuo vya sanaa havikumwona. Akanionesha kiberiti. Akanionesha karatasi ya sabuni, kisha kanga yangu mwenyewe niliyokuwa nimejifunga. "Jicho ni vivu, fundi. Lazima ulipigie kelele. Wauza sabuni wanalijua hilo, na wanasiasa wanalijua. Wanaopaswa kusikilizwa ndio hawajaambiwa."

Ungedhani mtu wa maneno kama hayo angekataa kazi za wakubwa. Hakukataa. Mheshimiwa wetu, ambaye sitamtaja zaidi ya hapo, alimwagiza picha ya kutundika nyumbani, na Mwalimu alimchora vizuri mno: alimpunguzia kidevu cha pili, akamwongezea nywele, akamtia macho ya mtu anayewaza mambo ya maana. Niliiona kabla haijachukuliwa nikacheka mpaka sindano ikanichoma.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye anayemwona kwenye kioo."

"Na huoni haya?"

"Sebuleni kwake ana ruhusa ya kujidanganya," akasema, akiosha brashi kwenye thina. "Barabarani hana."

Alikuwa na mambo mengine yasiyopatana. Alikata nyuso za watu kutwa nzima, lakini ukiinua simu kumpiga picha alijifunika uso kwa kapu la ukindu. Hakumwogopa mkuu yeyote, ila akipigiwa simu na dada yake mkubwa wa Ngujini, kule Ugweno, alisimama wima kama mwanafunzi na kuitikia, "Ndiyo dada. Sawa dada." Alihubiri uvumilivu na hakuwa nao hata chembe, makande yake aliyala maharage yakiwa bado yanagonga meno. Na alikuwa na kiburi. Ukimsifu alikubali, ukimkosoa alikuuliza wewe umechora nini.

Kiburi hicho ndicho kilichotugombanisha.

Ilikuwa msimu wa kampeni. Mji wote ulivaa nyuso: nguzo za umeme, vigogo vya miti, milango ya vyoo vya stendi. Mheshimiwa alitabasamu kila upande uliogeukia, mkono juu, na chini yake ahadi ya maji. Wakati huo bomba la mtaa wetu lilikuwa limekauka kwa miezi, na kila alfajiri foleni ya madumu ilianza kisimani ikaishia karibu na msikiti.

Mwalimu alimwomba Alhaji ukuta wake mrefu unaotazama barabara. Alhaji ni mzee wa mjini, mfanyabiashara ambaye mababu zake walifika na biashara wakabaki. Hapendi ugomvi, anapenda rangi. Akasema, "Paka, Mwalimu, ukuta umechakaa." Hakuuliza utapakwa nini.

Kwa siku nne alifanya kazi juu ya ngazi, kilemba kichwani, redio chini. Siku ya tano tulipotoka nje tuliwakuta wagombea wetu.

Kulikuwa na mama mchota maji wa mtaa wa nyuma, mara tisa, rangi tisa, dumu kichwani na mkono mmoja umepunga kama wanavyopunga wale wa kwenye mabango. Chini yake: NIMECHOTA MAJI MIAKA THELATHINI. SIOMBI KURA. Kulikuwa na mzee mmoja mfugaji wa tambarare, fimbo begani, masikio yake yenye mapambo yamewaka rangi ya chungwa: NILIZIKA NG'OMBE KUMI NA MMOJA KIANGAZI KIMOJA. NINA UZOEFU. Mama wa tangawizi alikuwapo pia, zambarau yake ileile: NASHUKA MLIMA KILA GULIO. HUDUMA KARIBU NAWE.

Watu walicheka, wakapiga picha, wakatuma kwenye makundi yao ya simu. Nami nilicheka, mpaka nikafika mwisho wa ukuta.

Nilikuwa mimi. Mara tisa. Tepu shingoni, pini mdomoni, jicho moja limefumbwa kama ninavyolifumba nikipima. Na maandishi: NAWAPIMA VIUNO KILA MWAKA. VINAONGEZEKA.

Lazima niseme kwamba suti za wakubwa wa mji nilikuwa nashona mimi, na sare za kampeni pia. Kabla ya adhuhuri simu mbili zilikuwa zimeingia. Wa kwanza alisema atachukua kitambaa chake hivyo hivyo kilivyo, kisishonwe. Wa pili alikata kabla sijasema haloo mara mbili.

Nilimwingilia Mwalimu chumbani mwake bila hodi.

"Nani alikwambia uniweke pale?"

"Maneno ni yako. Ulisema wewe, kwa kinywa chako, ukilegeza suruali ya yule bwana."

"Nilisema kwako! Nilikuwa nacheka!"

"Na ni kweli au si kweli?"

"Mwalimu, nina watoto wanakula kwa viuno hivyo!"

Akaendelea kukwangua rangi kwenye kisu, na kule kutokujibu kwake kuliniumiza kuliko ule ukuta. Nilirudi kwangu nikafunga dirisha la upande wake. Siku sita hatukusalimiana. Nilimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta nikajifanya sisikii.

Siku ya saba alisimama mlangoni kwangu, ndoo ya chokaa mkono mmoja, brashi mkono wa pili.

"Nimekuja kukuuliza," akasema. "Nilipaswa kukuuliza kabla. Sikukuuliza kwa sababu nilijua ungekataa. Nimewachora wale wengine wanalalamika kwamba hawaulizwi, nami sikukuuliza. Niambie tu, nifute?"

Ningependa kusema kwamba nilimjibu kwa ushujaa. Ukweli ni kwamba nilikaa muda mrefu nikizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole. Nilifikiria suti zilizoondoka. Nilifikiria pia kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nimepiga magoti mbele ya watu wale, tepu mkononi, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi naoga kwa maji ya wapi.

"Iache," nikasema. "Lakini shingo ile si yangu. Umenifanya twiga. Irekebishe."

Aliirekebisha mchana uleule.

Mtendaji wa kata alikuja siku mbili baadaye na mgambo wawili. Alikuwa kijana aliyefundishwa na Mwalimu darasa la nne, na haya ya jambo hilo ilionekana hata kwenye viatu vyake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mwalimu, nimetumwa. Hizi picha ni za chama gani?"

"Cha wenye kiu."

"Chama hicho hakijasajiliwa."

"Ndiyo maana hakina mgombea."

Watu waliokuwa wamejikusanya walipasuka kucheka. Mtendaji alisubiri wamalize. "Unaniweka pabaya, Mwalimu. Unajua huu ni wakati gani."

"Najua. Unakumbuka nilipowapa kuchora kikombe? Darasa zima lilichora kikombe kilichokuwa mezani, chenye ufa. Wewe ulichora kizima, na maua. Nikakuuliza maua umeyaona wapi." Akamshika bega, kwa upole kabisa. "Fanya ulichotumwa, mwanangu. Mimi nimeshafanya changu."

Walizifuta picha siku ya gulio, mchana kweupe, nadhani kwa makusudi ili tuone. Mtendaji na mgambo wake wawili wakaja na rola na pipa la rangi nyeupe. Violezo vyake vyote vya eksirei walivifunga kwa kamba wakavipakia kwenye pikipiki, mbavu za watu wa Same zikipepea kwa upepo. Mwalimu alitoa kigoda akakaa mbele ya mlango wake kuwatazama. Nyuso ziliondoka moja moja, kuanzia kwa mama mchota maji kuja kwangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuhisi rangi ikipakwa juu yake. Nilihisi.

Walipomaliza, Mwalimu alisimama akaukagua ukuta kama fundi anayekagua kazi ya vibarua.

"Mmepaka vizuri," akawaambia. "Pale juu mmeacha mistari, lakini si neno. Asanteni kwa kuniandalia ukuta."

Mgambo mmoja akatabasamu kabla hajakumbuka kwamba yuko kazini.

Kilichofuata hakikupangwa. Watu wengi wanasema Mwalimu alikipanga, lakini nilikuwapo, hakikupangwa. Mama mchota maji alikuwa anapita na dumu lake kutoka kisimani. Alipofika pale alipokuwa amechorwa alisimama, akatazama weupe ule, akatua dumu chini, akaupa ukuta mgongo. Akasimama tu. Kisha, polepole, akiwa ameona haya, akapunga mkono kama alivyochorwa.

Mama wa tangawizi akaacha gunia lake wazi akaja kusimama mahali pake. Mzee mfugaji hakuwapo siku ile, lakini mwanawe wa kiume, mtu mzima mwenye ndevu, aliletwa na kelele akasimama kwa niaba ya baba, fimbo begani. Ikabaki nafasi ya mwisho, na watu wote walijua ni ya nani.

Niliweka pini mdomoni. Sijui kwa nini niliona pini ni muhimu. Nikatoka.

Ukuta ulikuwa bado mbichi. Gauni langu la maua lina rangi ile mgongoni mpaka leo. Mwalimu akaja na kipande cha mkaa. Akaanza kwa mama mchota maji, akazungushia mstari kuanzia kisigino, kiuno, mkono ulioinuka, mpaka vidole, akashuka upande wa pili. Alipofika kwangu alinuka thina na jasho.

"Shingo fupi," nikamnong'oneza kupitia pini.

"Nyamaza, unaharibu mstari."

Mtendaji alipiga simu mahali, akiwa amegeukia pembeni. Tulimsikia akisema, "Hawajafanya kitu, mkuu. Wamesimama... Ndiyo, wamesimama tu... Nikamate watu kwa kosa la kusimama?" Akasikiliza muda mrefu. Kisha akaweka simu mfukoni, akawaambia mgambo wachukue pipa lao, wakaondoka.

Sitaki kuipamba habari hii. Mheshimiwa alishinda. Bomba lilitoa maji wiki ya kupiga kura na wiki tatu baada yake, kisha likarudia kukohoa hewa. Wateja wangu wakubwa wengi hawakurudi; nilianza kushona sare za shule na nguo za kipaimara, na nikaishi. Mwalimu ndiye aliyelipa zaidi. Kazi za mabango zilikatika. Mwenye gereji alimwambia wazi, "Mwalimu, nakupenda, lakini nina leseni." Mwisho Alhaji mwenyewe alikuja kumwambia ahame. Alisema akitazama ardhi, kofia mkononi.

"Wananijia kila siku, Mwalimu. Mimi ni mzee."

"Najua, Alhaji. Ulinipa ukuta. Wengine hawakunipa hata msumari."

Alhaji alilia, mtu mzima, pale kibarazani. Ukuta ukakodishwa na wauza rangi, wakaandika bei zao juu ya mistari ya mkaa. Mwalimu alifunga brashi zake kwenye kanga kuukuu akapanda gari la kwenda kwa dada yake.

Miaka miwili nilimsikia kwa simu tu. Kisha simu zikawa fupi, kisha akawa anaongea dada mtu: Mwalimu amepatwa na kiharusi, upande wa kulia. Mkono wa kazi umelala.

Nilikwenda mwaka huu, mvua za vuli zikiwa zimeanza. Nilishuka basi pale Kifaru nikapanda bodaboda ya Ugweno, na njia nzima nilikuwa najiandaa kumkuta kitandani. Nilijifunza hata maneno ya kumpa pole.

Ngujini, nyumba ya dada yake iko kwenye kona, ukuta wa chini unatazama barabara. Dereva alipunguza mwendo kwa ajili ya mashimo, nikaona jicho. Jicho moja kubwa la kijani, limepinda. Kisha nyuso zikaja, moja juu ya nyingine, hazina tena makali ya wembe. Zilikuwa zimeyumba, pua huku, mdomo kule, kama zimechorwa ndani ya gari linalotembea. Mkono wa kushoto. Na maneno yalikuwa yamepungua, neno moja moja, kwa sababu mkono ule ulichoka haraka. Chini ya mkulima mwenye kofia: BEI? Chini ya mama mwenye jembe na mawe ya kufukia mashimo: TENA? Na uso mkubwa kuliko zote, wa rangi ya chungwa na buluu, ulikuwa wa dada mtu mwenyewe, amekunja sura, na chini yake: HAPANA.

"Hakuniuliza," dada mtu aliniambia hata kabla sijamaliza shikamoo. Alikuwa ameketi uani akichagua kahawa mbovu kwenye ungo. "Nimeamka asubuhi nikajikuta barabarani."

"Nilimuuliza," Mwalimu akasema kutoka kwenye kiti chake. Maneno yalimtoka taratibu, yakiburuta mguu mmoja. "Akasema hapana. Nikaandika."

Pole zangu zote zilinipotea. Nilimshika ule mkono uliolala, akaniambia nimenenepa.

Tulikuwa tunakunywa chai aliposhuka kwenye pikipiki binti mmoja mwenye kitambulisho shingoni na turubai jipya la buluu limekunjwa chini ya kwapa. Alikuwa mtendaji wa kijiji. Akatusalimia wote watatu, shikamoo tatu, akakaa ukingoni mwa benchi.

"Bibi Mwalimu," akasema, "nina ombi dogo. Wiki ijayo kuna mgeni anapita hapa kuelekea juu. Mgeni mkubwa. Sitaki mfute. Kazi ni nzuri, hata mimi naipenda. Nimeleta turubai tufunike, siku moja tu, akishapita tunatoa."

Mwalimu alimtazama. Nilimwona akimwambia kwa macho ageuze shingo kidogo, na yule binti, bila kujua, akageuza.

"Anapita na gari?" Mwalimu akauliza.

"Ndiyo, bibi. Magari matatu."

"Barabara hii?"

"Hii hii. Hakuna nyingine."

"Basi usihangaike, mwanangu. Kona hii gari haliwezi kukimbia." Akapumzika, akavuta hewa. "Atapita taratibu. Atasoma yote."

Binti akatazama barabara, mashimo yake yamejaa maji mekundu. Akatazama ukuta. Mdomo wake ukaanza kufanya jambo ambalo kitambulisho hakikuruhusu, akauziba kwa kiganja.

Dada mtu akaweka ungo chini, akainuka kwa kushika magoti, akaenda kulichukua lile turubai kwapani mwa yule binti. Alilipapasa kati ya vidole kama anayenunua kitambaa.

"Hili ni zito," akasema. "Kahawa yangu inalala chini kwenye umande. Njooni mshike."

Tukalikunjua pale uani. Dada mtu alishika pembe moja, mimi ya pili. Mwalimu akavuta ya tatu kwa mkono wa kushoto, akaikanyaga isipeperuke. Mtendaji alisimama kidogo akiitazama pembe iliyobaki inavyopigwa na upepo. Kisha akavua kitambulisho, akakitia mfukoni, akainama akaishika.

Dada mtu akamwaga kahawa juu ya turubai.